Bendera Aliyoipita Mwenye Kinu

Aliiona, au hakuiona?

Swali hilo lilikuwa likilala nami na kuamka nami tangu tuliporudi kutoka uwanja wa mbio za magari, upande wa Nairobi. Nasema kulala kwa mazoea tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikikodolea macho mabati ya chumba changu hapa Kasikeu mpaka nikajua kila msumari ulipo. Bendera ilikuwa nyekundu, pana kama leso, na kijana aliyeishika alikuwa akiipunga kwa mikono miwili, kwa sababu gari moja lilikuwa limezimika katikati ya njia, mara tu baada ya kona. Mwenye Kinu aliipita kwa kasi yake yote. Kijana wa bendera aliruka mtaroni, mguu wake ukavunjika. Lile gari lililozimika tulilikosa kwa upana wa kiganja, na dereva wake alikuwa bado ndani, ameweka mikono kichwani kama mtu anayejikinga na mvua.

Katika gari letu tulikuwa na mgawo wa kazi. Kona zilikuwa zangu. Nilikaa kando yake, nikaziita kwa sauti kabla hazijafika, naye akazifuata. Bendera zilikuwa zake. Ndiyo maana nilipoiona sikusema neno. Nilidhani ameiona. Nilitazama mguu wake, nikangoja ushuke kwenye breki, nao haukushuka.

Kama aliiona akaamua kuipita, basi mtu niliyemheshimu kuliko baba yangu mzazi yuko tayari kuua mtu ili asipoteze mzunguko mmoja. Kama hakuiona, basi haoni, na mimi ndiye ninayempeleka mbele kwa mdomo wangu. Nilirudia mzunguko ule kichwani mara nyingi mno. Je, shingo yake iligeuka? Je, kope zilicheza? Nilikumbuka mpaka namna kidole chake gumba kilivyokaa kwenye usukani, lakini macho yake sikuyakumbuka, kwa sababu sikuwa nimeyatazama. Nami nina ugonjwa wa kutafuna jambo hadi liote pembe. Chuo kikuu waliniambia hiyo ni dalili ya akili. Nyumbani mama yangu husema ni minyoo.

Jumapili nyingine ya mbio ilikuwa inakaribia. Mwenye Kinu alikuwa ametuma mtu kuniambia nijiandae.

Kwa asiyemjua: alikuwa na kinu cha posho pale sokoni, kibanda cha mabati chenye injini ya dizeli iliyosikika hadi ng'ambo ya mto. Kila mtu wa Kasikeu amekula unga uliopita mikononi mwake. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la kaki ambalo halikuwa na rangi tena, maana unga ulikuwa umeingia hata kwenye mishono. Nywele zake zilizeeka bila sisi kujua. Unga ulikuwa umezitangulia. Alizungumza kwa sauti ya juu hata kanisani, kama watu wote wanaoishi na injini, na alipenda kukatiza maneno ya mwenzake kwa kuinua kiganja. Hakunywa pombe. Hakucheza kamari. Hakuwa na mazungumzo marefu na mtu yeyote ila na gari lake.

Gari hilo alilinunua kwa mhandisi mmoja mzungu aliyekuwa akijenga barabara, ambaye siku ya kuondoka nchini alishindwa kulipakia melini. Lilikuwa la Kimarekani, milango miwili, boneti ndefu kama jeneza, usukani upande wa kushoto. Watoto walilipa jina la Mluzi. Juu ya injini yake lilikuwa na mtambo wa kushindilia hewa, ule ambao wenye magari huuita supachaja, unaozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Mwenye Kinu hakuuita supachaja. Aliuita kinu kidogo. "Kile kikubwa kinasaga mahindi," aliniambia nilipokuwa bado darasa la saba, "na hiki kinasaga upepo. Injini inakula upepo uliosagwa. Si unajua mtoto akila uji laini anavyonenepa?" Na kweli, alipokanyaga mafuta, kinu kidogo kilipiga mluzi mwembamba uliopanda mpaka ukakuuma meno, na gari likaruka kama lililochapwa.

Kwa sababu aliuona mtambo huo kuwa kinu, aliutunza kama kinu. Mkanda wake ulipokatika, hakutafuta wa gari. Alichukua mkanda wa kusagia mahindi, akaupunguza, akaushona kwa waya jinsi alivyoshona mikanda yake yote, akauvalisha. Tukafika nao uwanjani. Katikati ya siku ulianza kunuka kama kwato zilizochomwa, kisha ukafyatuka na kupasua boneti kutoka ndani. Mtu mwingine angejifunza. Yeye alirudi nyumbani akashona mwingine, akaongeza waya. Alisema mkanda ule haukuwa na kosa, kosa lilikuwa la mshono. Boneti ilibaki na kovu hilo mpaka leo.

Siku za uwanjani hazikuwa mashindano ya vikombe. Wenye magari makali walikusanyika Jumapili, kila mmoja akapewa nafasi ya kulikimbiza lake kuzunguka lami ile, saa ikimpima. Wengi walikuwa Wahindi wa Nairobi na wazungu wachache waliobaki, na vijana wa matajiri. Mwenye Kinu alikuwa mzee pekee aliyetoka Ukambani na magunia matupu kwenye kiti cha nyuma. Mluzi ulipoondoka kwa nguvu, unga ulitoka kwenye viti ukatoka madirishani, wingu jeupe.

"Mzee, leo umetuletea ugali?" fundi mmoja Mhindi alimtania, mara ya kwanza nilipokwenda naye.

"Nimeleta unga tu," akajibu. "Maji mtatoa nyinyi, kwa macho."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha akaenda akawashinda wote, akarudi, akazima injini, hakutazama hata ubao wa saa. Nilijivuna siku hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa.

Kanisani walimfunga. Ndivyo tunavyosema kwetu: mtu akikosa, wazee wa kanisa humweka chini ya nidhamu, hashiriki meza ya Bwana, na hukaa benchi la nyuma mpaka atubu mbele ya watu. Kosa lake lilikuwa kukimbiza gari siku ya Sabato. Mchungaji alimpa nafasi ya kutubu Pasaka moja, akakataa. Akampa Krismasi, akakataa. Lakini hakuhama kanisa, na hakununa. Jumapili isiyo na mbio alikuja mapema kuliko wote akakaa benchi lake la nyuma, karibu na mlango, akaimba kwa sauti ile ya kinu. Alikaa pale miaka mingi hata watoto wakadhani ni kiti chake cha heshima. Nilimuuliza kwa nini hasemi tu maneno mawili ya toba, yaishe.

"Nitubu halafu Jumapili ya pili niende tena? Hiyo ni kumdanganya Mungu," alisema. "Mimi nimekaa nyuma. Yeye anajua niko wapi."

Alikuwa na msemo wake: breki ni kama toba, ukichelewa haikusaidii.

Kuna jambo la mwaka wa njaa ambalo watu wa hapa hawakubaliani mpaka leo. Ni ile njaa ya mahindi ya manjano, mahindi ya msaada, ambayo watoto tulikula tukilia kwa sababu ya harufu. Mwenye Kinu alisaga mahindi yale bure. Hakutangaza, alikataa tu kupokea. Lakini mwezi uleule aliendelea kwenda uwanjani. Mama yangu alikuwa kwenye foleni siku aliporudi, gari limejaa vumbi la Nairobi, na nilimsikia akisema bila kushusha sauti: "Sisi watoto wetu wanalala njaa, na gari ya mtu inashiba."

Mwenye Kinu akamgeukia. "Mama, nikiacha kwenda, mvua itanyesha?"

Ni jibu ambalo nimelichukia maisha yangu yote, na sijawahi kupata la kulipinga.

Kipindi hichohicho mwanamke mmoja alianguka kwenye foleni, na mtoto mgongoni. Mwenye Kinu aliacha injini ya kinu ikinguruma bila mtu, akawapakia kwenye Mluzi, akawapeleka hospitali ya misheni. Waliokuwa njiani gari likipita wanasema hawakuliona, walilisikia tu. Mwanamke yule alipona. Mtoto alikufa njiani, mikononi mwa mama yake, huku kinu kidogo kikipiga mluzi. Jioni nilimwona Mwenye Kinu akisugua kile kiti kwa maji na majivu, muda mrefu, zaidi ya kiti kinavyohitaji. Jumapili akaenda uwanjani. Wapo waliosema hana moyo. Mimi nilikuwa mtoto, lakini tayari nilikuwa nikitafuna mambo, nikawaza: labda anatafuta ile dakika iliyokosekana. Sasa sijui. Labda alikuwa anapenda tu kukimbia.

Mimi alinichukua nikiwa kidato cha tatu, likizo. Alikuwa akipeleka unga Nunguni kwa pikapu, na barabara ya kupanda Nunguni, nani asiyeijua, inajikunja kama mtu mwenye tumbo la kuendesha. Nilipanda mbele. Nilishika dashibodi kwa mikono yote miwili na kila kona ilipokaribia nikapiga kelele kidogo, bila kutaka. "Kushoto hiyo! Mzee, kulia! Inabana, inabana!"

Nilidhani atanishusha. Alisimamisha pikapu pembeni akanitazama.

"Wewe unaogopa vizuri," alisema.

"Samahani, Mzee."

"Nisamehe nini? Watu wengi wanaogopa kona ikishafika. Wewe unaiogopa ikiwa bado iko mbali. Kesho utakuja tena. Na useme kwa sauti."

Sijui kama msomaji anaelewa maana ya maneno hayo kwa kijana ambaye shuleni aliitwa Mama Wasiwasi. Kitu kilichonifanya nidharauliwe kilikuwa kimepata kazi. Nikajifunza kuita: kushoto kali, kulia ndefu, inabana, inafunguka, achia, shika. Nilipoingia chuo kikuu Nairobi, alinipitia Jumapili za mbio kwenye lango la bweni, na wenzangu walichungulia madirishani kulitazama lile gari. Njia ya kwenda na kurudi niliita pia, hata malori ya barabara ya Mombasa, hata punda. Alisema ni mazoezi, na kwa kuwa usukani wake ulikuwa kushoto, mimi ndiye niliyeona kwanza kinachokuja upande wa pili. Ilikuwa na maana. Kila kitu alichosema kilikuwa na maana. Hilo ndilo lililonitesa baadaye.

Maana ukianza kuhesabu upande wa pili, upande wa hakuiona, mambo yanajipanga yenyewe. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na daktari alimkataza chai tamu, naye aliendelea kumimina sukari mpaka kijiko kikasimama. Kanisani hakufungua kitabu cha nyimbo. Alisema anazijua zote. Gazeti nilimsomea mimi. Alisema sauti yangu ni ya redio. Unga aliupima kwa vidole, akiusugua taratibu, na muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, aliyachota kwenye kiganja akayageuzageuza kwa kidole gumba kujua kama maganda yametoka. Lakini ni mwenye kinu gani asiyepima kwa vidole? Mawe aliyasikiliza kwa sikio. Lakini ndivyo mawe yanavyosikilizwa. Kazi yake yote ilikuwa ya mikono na masikio, na mtu angeweza kupofuka ndani yake kama mtu anavyozama ndani ya gunia la unga, pole pole, bila kelele.

Halafu nikikumbuka ukaidi wake, mizani inarudi upande wa kwanza. Askari wa chifu aliwahi kumpungia mkono siku ya soko asimame, akampita, akamwacha na vumbi. Walipomwita ofisini alisema, "Nilimwona. Hakuwa na neno la maana." Uwanjani, baada ya ajali, walimwita kwenye hema. Nilisimama nyuma yake. Wasimamizi walikuwa wamekasirika lakini walimheshimu, alikuwa mkubwa wao wote kwa umri.

"Mzee, bendera nyekundu! Hujui bendera nyekundu?"

"Moshi ulikuwa mwingi," alisema.

Hapakuwa na moshi. Wao walikuwa mbali, hawakujua. Mimi nilijua. Wakampa onyo, wakamwambia akirudia hatakanyaga tena pale. Aliitikia kwa kichwa, na tulipokuwa tukirudi kwenye gari aliweka mkono begani mwangu, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Nilidhani ni majuto.

Basi Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, nikaenda kinuni. Nilikuwa nimemaliza maneno yote ya kujiambia mwenyewe. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wamekaa juu ya magunia, vikapu vyao vya viondo kando, kwenye kivuli cha ukuta, kwa sababu kinu kilikuwa kimezimwa ili mawe yachongwe. Mke wa Mwenye Kinu alikuwa mlangoni na kopo lake la kupimia, kama kawaida.

"Profesa!" mmoja akaniita. "Umepata kazi, ama bado unazurura na sisi?"

"Bado, Mama."

"Pole. Kuja nikupe ng'ombe uchunge, ziko na digrii pia."

Walicheka. Nikapita nikaingia ndani.

Alikuwa ameketi sakafuni, jiwe la kinu mbele yake, patasi mkononi. Alichonga mfereji, akapuliza, akaupitia kwa kidole, akachonga tena. Nikaketi kwenye gunia.

"Profesa," alisema kabla sijafungua mdomo. "Leo miguu yako ni mizito."

"Mzee, nina neno la kuuliza."

"Uliza. Ukikaa nalo litaoza."

"Ile bendera. Uliiona?"

Patasi haikusimama. "Wewe uliiona?"

"Niliiona."

"Basi tuliiona."

Kumbe hakuiona. Ndivyo jibu lilivyokuja, jepesi, kama mtu anayekuambia saa. Usiku wote niliokodolea macho mabati, lilikuwa hapa, likingoja tu niulize.

"Mzee, bendera hazikuwa zangu."

"Sasa ni zako. Kesho utaita kona na utaita bendera."

"Na mtu akiwa njiani?"

"Utamwita pia."

"Na nikichelewa?"

Hapo akaweka patasi chini. Aliinua uso, ukaelekea kwangu, karibu sana na nilipokuwa, lakini si nilipokuwa. "Huwezi kuchelewa. Wewe unaogopa."

"Nilichelewa, Mzee. Kuna kijana amelala hospitalini."

"Nilimpelekea mbuzi."

"Si habari ya mbuzi."

"Najua si mbuzi," alisema kwa sauti ya chini, na sikuwa nimewahi kumsikia akishusha sauti. Akapapasa jiwe. "Unajua jiwe linavyoisha? Mahindi hayalivunji. Yanalilamba. Kila siku kidogo. Huwezi kusema ni siku gani liliisha. Siku moja unga unatoka mbaya, unalifungua, unalikuta laini kama sahani." Akaupitia mfereji kwa kidole. "Lakini kule uwanjani, kinu kidogo kikishika mluzi na wewe ukiita, mimi ninaona. Usibishe. Ninaiona lami. Ninaziona kona zote. Hapa ndiyo giza."

Nikamuuliza lile lingine, ambalo lilikuwa limejificha nyuma ya swali la bendera muda wote huo. "Kule Nunguni, Mzee. Ulinichagua kwa sababu ya macho?"

"Wakati ule nilikuwa bado ninaona kidogo," alisema. "Nilikuchagua kwa sababu hujui kunyamaza. Mwingine angeona kitu akaninyamazia, kwa heshima. Heshima itaniua, Profesa. Hawa wote wana heshima."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilinyamaza, mara moja, mahali pabaya. Badala yake nilisema, "Kesho siendi."

"Basi nitaenda peke yangu."

"Huwezi, Mzee."

"Barabara naijua. Kona umeziita miaka mingapi? Ziko hapa." Akajigonga paji la uso, unga ukamdondoka. "Hata usipokuja, nitakusikia."

Hakuwa akinitisha. Alikuwa akiniambia mpango wake, kama angeniambia atanunua dizeli. Na nilimwamini kabisa. Nilimwona kichwani mwangu akitoka sokoni alfajiri, taratibu, kwenye njia anayoijua, watu wakimpungia, na kisha barabara ya Mombasa, na malori.

Nikasimama. Kichwani nilikuwa tayari nimeanza: labda nimwambie mchungaji kwanza, labda niandikie uwanja, labda ningoje jioni nimshike mke wake faraghani. Kwetu kijana hasemi udhaifu wa mzee mbele ya watu. Anaenda kwa mkubwa, mkubwa anaenda kwa mkubwa mwingine, na mpaka neno lifike Jumapili imeshapita. Nikatoka mpaka mlangoni, mbele ya foleni yote, nikamwambia mke wake kwa sauti ile niliyofundishwa kuitia kona.

"Mama, Mzee haoni."

Vicheko vilikatika. Wanawake wakatazama viondo vyao. Yule aliyenitania akasema taratibu, "Profesa, hayo hayasemwi."

Mke wake hakushtuka. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyegundua kwamba moto unachoma. "Tunajua, mwanangu. Hawa wote wanajua. Si unaona wanavyomwekea debe mkononi? Sisi tunamwachia hivyo hivyo."

"Basi mbona mnamwacha aende mbio?"

"Si wewe ndiye unaendesha?"

Sikuelewa.

"Yeye aliniambia," akasema. "Kwamba mkifika kwa lami wewe unashika usukani, yeye anakaa tu asikie ule mluzi wake. Nikasema sawa, mzee apate hiyo furaha. Kijana amesoma, anaendesha polepole."

"Mama," nilisema, "mimi sijui kuendesha gari. Sijawahi kushika usukani siku moja."

Kopo lilimtoka mkononi. Hakuna aliyeliokota. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto begani akasema "Uui," mara moja tu, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Mke wake akaingia ndani, nikamfuata, na wengine wakajaa mlangoni mpaka mwanga ukapungua.

"Lete ufunguo," akamwambia.

"Ufunguo gani?"

"Wa gari. Lete."

Mwenye Kinu aligeukia lile gunia nililokuwa nimekalia. "Profesa, mwambie huyu mama atuache. Tuna kazi kesho."

"Mzee, niko huku," nilisema nyuma yake. "Ni mimi nimemwambia."

Hakugeuka. Ufunguo ulikuwa umening'inia shingoni mwake kwa kamba ya katani, ndani ya koti, nasi sote tuliujua ulipo. Mke wake alinyoosha mkono nusu, akaurudisha. Mke haweki mkono shingoni mwa mumewe mbele ya watu, kumvua kitu. Akanitazama.

Nilingoja nisikie zile sababu zangu zote za kungoja. Hazikuja. Nikapiga magoti kwenye unga, nikatia mkono ndani ya kola ya koti lake, nikahisi shingo yake ikikakamaa chini ya vidole vyangu, ngumu kama ya mtu anayesubiri kipigo. Hakunizuia. Niliinua kamba ikapita sikio moja, kisha la pili, nikampa mke wake, naye akaufunga ufunguo kwenye ncha ya leso yake, akakaza fundo kwa meno.